Spika inayomeza maneno

Najua nimepotea. Testi zilitubana, na baada ya testi ikaja ile kazi ya historia ya sayansi, ambayo kila mtu aliambiwa achague kitu kimoja cha nyumbani kwao aeleze kimefikaje kuwa vile kilivyo. Wenzangu wa dakhalia walikimbilia vitu vinavyoonekana: cherehani, pasi ya makaa, friji. Mimi nikachagua ile sufi, pamba au sponji inayojazwa ndani ya boksi la spika. Walinicheka weee. "Sasa ndo historia ya takataka?" Basi, ya mwalimu nimeshaikabidhi kwa lugha ya mwalimu. Hii hapa ni yenu, na ndio jibu langu kwa waliocheka.

Kwanza tuelewane kwa nini boksi linajazwa. Spika ni karatasi ngumu yenye umbo la pia, inayosukumwa na kuvutwa na umeme. Ikisukuma hewa ya mbele, papo hapo inaivuta ya nyuma. Kwa hiyo inatoa sauti mbili, moja inakuja kwako na nyengine inaelekea ukutani, na hizo mbili zinapingana kama watu wanaosukuma mlango mmoja kila mtu na upande wake. Zikikutana zinauana, na besi ndiyo inayokufa mwanzo. Ndio maana spika tupu ukiishika mkononi inalia kama mbu.

Dawa yake ni boksi. Ukiitia spika kwenye boksi, ile sauti ya nyuma umeifungia. Lakini kuifungia si kuimaliza. Imo mle ndani, inagonga ubao inarudi, inagonga inarudi, na mlango wake mwepesi wa kutokea ni ile ile karatasi ya spika. Inatoka imechelewa, na kule nje inakuta neno jengine limeshaanza. Inalipanda juu.

Hebu tupige hesabu kidogo, ni ya skuli tu. Kwa joto letu la nyuzi 30 hivi, sauti inakwenda kama mita 350 kwa sekunde. Chukua boksi ambalo kwa ndani lina kimo cha sentimita 50. Wimbi linalopenda kukaa humo ni lile ambalo nusu yake ni sawa na kimo cha boksi, yaani wimbi la mita moja. Gawa 350 kwa 1 unapata Hezi 350. Je, Hezi 350 ni ya nani? Si ya ngoma, wala si ya gita la besi. Ni mtaa wa irabu. Simu za mezani za zamani zilipitisha sauti za kuanzia Hezi 300 hadi kama 3,400 tu, manake waliozitengeneza walijua humo ndimo maneno yanamokaa. Sasa Kiswahili chetu kila silabi, ila chache, inamalizikia kwa irabu. Boksi tupu linaimba irabu yake moja juu ya irabu zote za mwimbaji.

Ninachotaka kusema leo ni hicho. Watu wengi wanadhani sufi ndani ya spika inawekwa kwa ajili ya besi. Historia yake inasema vyengine. Kila mara ilipofika hatua kubwa, mtu alikuwa ana shida ya uwazi: anasikia mvumo, na kile alichokuja kukisikia kimefunikwa. Na kwa kisiwa hichi, ambacho taarab yake ni mashairi kwanza na ala baadaye, kupotea kwa neno si hasara ndogo.

Historia yenyewe haianzii kwenye spika. Inaanzia kwenye ukumbi wa mihadhara wa chuo kikuu, pahala kama hapa hapa petu. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilikuwa na ukumbi mpya ndani ya jumba la makumbusho la Fogg, na wanafunzi walikuwa hawamsikii mwalimu. Sauti ilikuwepo tele, tatizo ni kuwa haikuwa inakwisha. Neno moja lilibaki likizunguka ukumbini kwa zaidi ya sekunde 5, na katika sekunde hizo mwalimu keshasema silabi nyengine kama kumi na tano. Kijana mmoja wa idara ya fizikia, Wallace Sabine, akatakiwa atafute dawa. Alichofanya ni kuazima mito ya kukalia kutoka ukumbi mwengine wa chuo, Sanders Theatre, akawa anaihamisha usiku wakati mji umetulia, anaipanga, anapiga filimbi ya kinanda, anapima kwa saa muda ambao sauti inachukua kufa. Anaongeza mito, anapima tena. Kabla ya alfajiri mito inarudishwa ilikotoka.

Kutokana na mito hiyo ndipo ikapatikana kanuni ambayo mpaka leo wanaitumia wajenzi wa kumbi: muda wa sauti kufa unategemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu laini vilivyomo. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ndio wa kwanza kujengwa kwa kuifuata hesabu yake. Mimi ninalopenda katika kisa hichi ni kwamba sayansi hii kubwa ilipimwa kwa mito. Kipimo chake cha mwanzo kilikuwa ni urefu wa mto wa kukalia.

Kwa nini mto unafanya kazi? Kwa sababu sauti ni hewa inayokwenda mbele na nyuma. Hewa hiyo ikilazimika kupita baina ya nyuzi nyembamba elfu kwa elfu, inasuguana nazo, na msuguano unaigeuza nguvu ya sauti kuwa joto kidogo sana, ambalo hata mkono hauliskii. Kwa hivyo kinachotakiwa si ulaini peke yake. Kinachotakiwa ni kitu ambacho hewa inaweza kupita ndani yake, lakini ipite kwa taabu. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Turudi kwetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri za kampuni ya Gramophone, zile za HMV zenye picha ya mbwa. Zilikuwa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili, na nyimbo zilizokuwa zikisikika majumbani na barazani sasa zikasikika pwani nzima. Zilipigwa kwenye santuri za kutia ufunguo. Mle hamna umeme wala spika, ni sindano, kiwambo na pembe. Pembe ina makosa yake, inakata besi na inapiga kama mtu anayesema puani. Lakini haina boksi la kufungia sauti ya nyuma. Maneno yalitoka makavu. Na watu waliokaa kuzunguka santuri walikuwa wanasubiri maneno hasa, manake nyimbo zile zilisema mambo ya mjini, za mahakamani na za mitaani.

Kule Marekani spika ya umeme ya aina tunayoitumia mpaka leo ilikuwa imeshaelezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg. Zikaja redio kubwa za kusimama sakafuni, makabati ya mbao nzuri yaliyowazi kwa nyuma. Ikawa shida mpya. Kabati lililowazi upande mmoja ni mtungi. Puliza juu ya mdomo wa mtungi uone, unakujibu kwa noti moja. Redio nazo zikawa zina noti yao, kila mtangazaji wa kiume anasikika kama yumo kisimani.

Mwaka 1936 Benjamin Olney wa kampuni ya Stromberg-Carlson akachapisha utafiti wa kuliondoa tatizo hilo. Aliifungia sauti ya nyuma ya spika kwenye njia ndefu iliyokunjwa kunjwa ndani ya kabati, na kuta za njia hiyo akazitandika kitu cha kunyonya sauti. Waliiita "njia ya kizungumkuti", kwa maana inazunguka kama vichochoro vya Mji Mkongwe: sauti inaingia kwa nyuma ya spika, inakata kona, inakata kona nyengine, na kila hatua inapungua nguvu. Kwa mimi hapo ndipo sufi, kwa maana ya kitu laini kilichowekwa kwa makusudi na kwa hesabu, inapoingia ndani ya spika.

Unguja ilipata kituo chake cha redio, Sauti ya Unguja, mwaka 1951, mwaka mmoja baada ya Siti kufariki. Redio za meza za wakati ule zilikuwa ndogo, za taa, ziko wazi nyuma, na kwa udogo wao hazikuwa na mvumo mkubwa. Wazee mpaka leo wanakwambia redio za zamani zilikuwa "zinasema". Tusidhani ni mapenzi ya ujana wao tu. Kiboksi kidogo kilichowazi hakina besi, na kisichokuwa na besi hakina cha kulifunikia neno.

Kisha dunia ikaitaka besi. Mwaka 1954 Edgar Villchur, mwalimu wa Marekani aliyekuwa akipenda kuchezea mambo ya sauti, pamoja na Henry Kloss, wakaanzisha kampuni ya Acoustic Research na kutoa spika waliyoiita AR-1. Mpaka hapo mtu akitaka besi nzuri alihitaji boksi la ukubwa wa friji. Villchur alilifanya dogo, akaliziba kila upande lisipitishe hata pumzi, akalijaza nyuzi za kioo. Hewa iliyofungwa ikawa ndiyo springi ya kuirudisha karatasi ya spika. Na hapa zile nyuzi zikapata kazi ya pili. Hewa ukiibana inapata joto na inakuwa ngumu zaidi. Nyuzi zikiwemo, zinalichukua lile joto, hewa inabaki laini, na spika inajiona kama imo kwenye boksi kubwa kuliko lilivyo. Kwa nadharia faida hiyo inaweza kufika asilimia 40. Kwa vitendo ni chini ya hapo sana, lakini ipo.

Naona hapo ndipo ilipozaliwa ile fikra ya mtaani kwamba ujazo ni mambo ya besi. Si uongo, ila ni nusu ya habari.

Nusu nyengine waliifuatilia Waingereza. Oktoba 1965 Dk. Arthur Bailey, mwalimu wa chuo kule Bradford, aliandika katika jarida la Wireless World kuhusu boksi lenye njia ndefu, mjukuu wa lile la Olney, lakini badala ya kutandika kuta tu aliijaza njia nzima sufu ya kondoo yenye nyuzi ndefu. Bradford ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, kwa hiyo mtu katumia kilichokuwepo kwao. Jarida lile lilikuwa la watu wanaojitengenezea wenyewe majumbani, wakaenda dukani wakanunua mbao na sufu wakajaribu.

Na wahandisi wa BBC nao walikuwa na hoja yao. Spika wanazozitumia kusikilizia matangazo walikuwa wanazipima kwa sauti ya mtu anayezungumza. Msemaji anakaa chumba kimoja, spika iko chumba chengine, wanalinganisha. Manake sikio la binadamu linasamehe kosa la kinanda, lakini sauti ya mtu haliisamehei. Katika miaka ya 1970 wakatoa kispika kidogo, LS3/5A, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Boksi lake lilikuwa la mbao nyembamba zilizobandikwa vipande vya lami kwa ndani ili ubao wenyewe usitetemeke, na humo humo mna sponji ya kuinyonya sauti iliyofungiwa.

Naomba tusimame hapa, kwa sababu mafundi wengi huzichanganya kazi hizi mbili. Lami, mchanga au ubao wa kukazia vinazuia kuta za boksi zisitetemeke. Sufi, sufu na sponji vinaiua sauti iliyomo kwenye hewa ya ndani. Ukibandika lami tu, ubao umenyamaza lakini hewa bado inapiga kelele. Ukitia sufi tu kwenye boksi la plaiwudi nyembamba, hewa imetulia lakini ubao unaimba. Kila ugonjwa na dawa yake.

Sasa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa Zanzibar, bidhaa za Dubai ziliingia, na redio kaseti zikawa nyumba kwa nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja taarab ya kisasa, ya kibodi na magita ya umeme, East African Melody na wenziwao, rusha roho watu wanainuka kwenda kutunza. Taarab ya zamani, kwa mfano ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ya fidla, udi na ganuni, watu wamekaa wanasikiliza. Hii mpya ilitaka spika kubwa. Spika kubwa za dukani ni ghali, lakini spika yenyewe tupu, ile karatasi na sumaku, unaweza kuipata, na seremala yupo. Ndipo mtaani yakazagaa maboksi ya kuchonga: plaiwudi, misumari, gundi, zulia la nje la rangi ya kijivu. Ndani patupu.

Nimeshayafungua manne mwaka huu. Mawili yalikuwa matupu kabisa. Moja lilibandikwa trei za mayai. La nne lilikuwa na kile kitu cheupe chepesi cha kuzuilia televisheni isivunjike ndani ya katoni. Mwenye boksi la trei za mayai aliniambia kwa fahari kwamba hata studio wanatumia.

Ndio, wanatumia, lakini rudini kwenye ile kanuni ya hewa ipite kwa taabu. Kile cheupe hewa haipiti kabisa, ni sawa na kutia tofali. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Halafu kuna siri ya pahala. Hewa iliyogusana na ubao haiwezi kwenda popote, imebanwa. Hewa inayokwenda mbio ni ile iliyo robo ya wimbi mbali na ubao. Katika boksi letu la sentimita 50, wimbi ni mita moja, robo yake ni sentimita 25, yaani katikati ya boksi kabisa. Kwa hiyo chochote chembamba ukikibandika ukutani umekiweka pahala ambapo hewa haisogei. Ni kama kuweka dema pahala samaki hawapiti.

Haya yote nimeyaona kwa vitendo kwa fundi mmoja mzee wa Ng'ambo, ambaye ameniomba nisimtaje, hataki watu wamjazie kibanda. Nilipoingia mara ya kwanza nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Umekuja kutengeneza au umekuja kuuliza?" Nikamwambia kuuliza. Akacheka. "Basi kaa, mwanangu. Wa kuuliza hawalipi."

Yeye anatumia sufi. Sufi ya msufi, ile ya kwenye mito na magodoro ya bibi zetu. Nikamuuliza kwa nini si usumba, maana makumbi ya nazi ndiyo tele, na kina mama wa Jambiani na Paje wanafukia makumbi pwani miaka nenda miaka rudi. Akachukua uzi wa usumba na kitonge cha sufi akaviweka kwenye kiganja changu. "Puliza." Usumba haukunizuia pumzi. Sufi ilinizuia. Hakusema zaidi. Nilikuja kuzitafuta hesabu baadaye maktaba: uzi wa sufi una unene wa kama maikromita 20, wa usumba unaanzia kama 100 na kwenda juu. Nyuzi zikiwa nyembamba, katika uzito ule ule zinakuwa nyingi zaidi, na hewa inasuguana zaidi. Tena uzi wa sufi uko tupu ndani kama mrija, ndio maana ilitiwa kwenye maboya ya kujiokolea ya mabaharia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukisema fundi alijua au hakujua hayo, jibu langu ni kwamba pumzi yake ilijua.

Kazi yake anaifanya hivi. Sufi kwanza inachambuliwa kwa mkono, mbegu na vijiti vinatoka, kitonge kilichoganda kinafunguliwa mpaka kiwe kama wingu. Kisha anaipima. Kwa boksi la lita 30, yaani kama sentimita 50 kwa 25 kwa 24, anatia gramu 300 hivi. Ukiishindilia ikaganda, hewa haipiti, umerudi kwenye tofali. Haitii ovyo. Anashona mfuko wa chandarua kikuukuu, anaijaza humo, na mfuko anaufunga kwa uzi kwenye misumari midogo ili ukae katikati ya boksi na usitelemke chini baada ya miezi sita. Nyuma ya sumaku anaacha nafasi ya kiganja. Unyoya mmoja ukiingia kwenye mwanya wa sumaku, spika inakwaruza mpaka kufa. Boksi likiwa na tundu la besi, njia ya tundu inabaki wazi.

Mteja asiyetaka sufi anamtilia sponji ya godoro. Anaikata kwa kisu kirefu cha mkate, kwa kuvuta taratibu bila kukandamiza, na kipande anakikata kikubwa kidogo kuliko nafasi yake, kama sentimita moja kila upande, kikae chenyewe kwa kubanwa bila gundi. Kabla ya kukata anaweka mdomo kwenye sponji anapuliza. Pumzi ikitokea upande wa pili kwa shida, inafaa. Isipotokea kabisa, anairudisha dukani. Na sufi ina maonyo yake: inashika moto haraka, kwa hivyo waya zote zinafungwa vizuri na amplifaya haikai ndani ya boksi lile. Unyevu wa masika unaigandisha. Na panya wakiiona wanashukuru Mungu.

Niliyapeleka kwake maboksi ya nyumbani kwetu Miembeni, na sababu ilikuwa ni bibi yangu. Bibi ni mtu wa taarab ya zamani, mashairi anayajua kwa moyo. Lakini miaka ya karibuni ukimpigia muziki anakaa kidogo anaondoka. "Maneno siyasikii, mjukuu wangu. Nasikia mvumo tu." Nyumba nzima tukakubaliana kwamba masikio ya Bibi yamekwisha. Watu wakaanza kusema mbele yake mambo wasiyotaka ayajue, na yeye akawa anayasikia, ananyamaza.

Ukweli ni kuwa uzee unachukua sauti nyembamba mwanzo, zile za s na f na t. Na sauti nzito ina tabia ya kuzifunika nyembamba zilizo juu yake. Kwa hivyo mtu mzima akikaa mbele ya boksi linalovuma, anadhulumiwa mara mbili: kidogo alichobakiwa nacho ndicho kinachofunikwa. Kijana atayapata maneno kwa kukisia. Bibi hawezi kukisia wimbo asiousikia.

Fundi aliyajaza mawili yale kwa siku moja na kuyakazia kwa kipande cha mti ndani. Tuliporudi nayo hatukumwambia Bibi chochote. Nikapiga kaseti ile ile ya taarab ya zamani, iliyohamishiwa kwenye simu, kwa sauti ile ile. Binamu yangu akawa anafuatisha kuimba huku anapiga pasi. Katikati ya ubeti, kutoka chumba cha pili, Bibi akapaza sauti: "Umekosea hilo neno!" Akalitaja lenyewe. Tukarudisha nyuma, tukasikiliza. Kweli.

Sisemi sufi imemponya. Ukimsemesha kwa mbali bado hasikii vizuri, na muziki bado anataka uongezwe kidogo. Lakini nyumbani kwetu hakuna tena mtu anayesema mambo mbele yake kama hayupo.

Sasa nyie mnaokwenda BTP muhula ujao, hili linawahusu. Skuli nyingi zina spika ya kuchonga ya kusomea dua asubuhi na matangazo ya mitihani. Vyumba vyetu vyenyewe ni maboksi: nyumba za Mji Mkongwe ni kuta nene za mawe na chokaa, na upana wa chumba kama mita 3 kwa sababu boriti za mikoko haziendi mbali zaidi ya hapo. Zikiwa na mikeka, mapazia na watu, zinasikilizana vizuri. Zikiwa tupu zinapiga mwangwi. Darasa la zege la leo ni tupu zaidi. Mtoto aliyekaa nyuma akasikia mvumo, tutamwita mzembe, kama tulivyomwita Bibi kiziwi. Sabine aliambiwa kuna ukumbi mbovu, akaenda kupima ukumbi. Hakuanza kwa kuwalaumu wanafunzi.

Mwenye boksi la kuchonga dakhalia afanye jaribio la bure. Fungua skrubu, toa spika, weka mdomo kwenye tundu useme a, e, i, o, u kwa sauti yako ya kawaida. Likikujibu kwenye irabu moja zaidi ya nyengine, umeshalijua linalokula maneno yako. Sufi ninayo iliyobaki kama kilo moja, iko chini ya kitanda, chumba mnakijua. Njooni na chandarua zenu. Fundi hatoi mkopo, mimi natoa.

Haya, kesho kipindi saa moja na nusu asubuhi. Usiku mwema, tuonane kwenye daladala.